Mvumo wa Gurudumu: Jinsi Beringi Ilivyonaswa Kati ya Kitengela na Kajiado

Katika gereji nyingi, mlio wa gurudumu hutibiwa kwa kununua. Matairi yakibadilishwa na mlio ukabaki, zinafuata shokamzoba; nazo zikishindwa, zinafuata bushi, na kila hatua mwenye gari hulipa. Toyota Probox moja ya mwaka 2005 ilikuwa imeanza kutibiwa hivyo, mpaka fundi mmoja wa Kitengela alipokataa kufungua hata nati moja kabla ya kulisikiliza gari barabarani. Njia yake yafaa kujulikana na kila mwenye gari kuukuu, maana haidai kompyuta wala mashine ya bei. Inadai mpangilio tu.

Gari hilo hubeba mizigo midogo kati ya Kitengela na mji wa Kajiado, umbali wa takriban kilomita 50 kwenye barabara ya Namanga. Mvumo ulianza kusikika kwenye kilomita 60 kwa saa, ukawa mzito kwenye 80. Mwenyewe alikuwa na hakika kwamba unatoka nyuma, upande wa kulia. Gereji ya kwanza ilimwamini ikamuuzia matairi mawili mapya ya nyuma. Mvumo haukupungua hata kidogo.

Injini au gurudumu?

Swali la kwanza la fundi lilikuwa: mlio unafuata mwendo wa gari au mzunguko wa injini? Kujibu hilo kunahitaji barabara iliyonyooka na isiyo na msongamano. Kitengela penyewe hapafai, kwa matuta, matatu na malori ya simiti yanayotoka Athi River. Ukishapita Isinya, nyanda hufunguka, na hapo sikio hupata nafasi ya kufanya kazi.

Huko, gari likienda kilomita 80, gia ilitolewa ikawekwa nyutro, injini ikiendelea kunguruma taratibu. Mzunguko wa injini ulishuka mara moja, lakini mvumo ulibaki palepale, ukapungua tu kadiri gari lilivyopoteza kasi. Jaribio hili hufanywa mahali tambarare pasipo gari nyuma, wala injini haizimwi kamwe, kwa sababu usukani na breki huitegemea. Kwa dakika chache injini ikawa imeondolewa kwenye orodha ya washukiwa. Walibaki matairi, beringi, breki, na beringi za difu ndani ya gia boksi, ambazo nazo huzunguka pamoja na magurudumu.

Tairi lililochakaa vibaya huvuma karibu sawa na beringi mbovu, ila hubadilisha sauti barabara inapobadilika: kwenye lami laini hunyamaza kiasi, kwenye lami yenye kokoto hupiga kelele. Mvumo wa gari hili haukujali lami. Fundi alipitisha kiganja juu ya kila tairi, mbele na nyuma, akitafuta meno yanayokwaruza upande mmoja. Kisha alihamisha matairi ya mbele nyuma na ya nyuma mbele. Kama tairi ndilo lenye kosa, sauti ingehama nalo. Haikuhama.

Hesabu ndogo inaeleza kwa nini beringi huvuma badala ya kugonga. Tairi lenye mzingo wa mita 1.8 huzunguka mara 12 hivi kwa sekunde gari linapokwenda kilomita 80. Tairi lenye nundu moja lingepiga mara 12 tu kwa sekunde, na sikio lingesikia mapigo ya harakaharaka. Lakini chukua beringi yenye gololi 12 kwenye safu: kidonda kimoja kwenye pete ya nje hugongwa na gololi takriban mara tano kila mzunguko, yaani kama mara 60 kwa sekunde. Mapigo ya wingi huo sikio haliwezi kuyatenganisha, huyasikia kama mvumo mmoja.

Kulia au kushoto?

Gari linapokata kona kushoto, uzito hulalia magurudumu ya kulia. Barabara ikiwa tupu, fundi aliyumbisha usukani polepole, kushoto kisha kulia, bila kubadilisha mwendo. Usukani ulipokwenda kushoto mvumo ulikua. Ulipokwenda kulia ulififia. Dalili ilielekeza upande wa kulia. Ni dalili tu, si hukumu: beringi za kisasa zina safu mbili za gololi, na nguvu ya kona huweza kuupeleka mzigo kwenye safu nzima na kuificha ile mbovu.

Hapa mashaka yangeliangukia gurudumu la kulia nyuma, kama mwenye gari alivyodai. Lakini bodi ya steshen wagoni isiyo na mzigo hukuza sauti kama ngoma, na mtetemo wa mbele husafiri kwenye sakafu ya chuma ukajitokeza nyuma. Ndiyo maana uamuzi wa mwisho hufanywa chini ya gari.

Kwenye jeki

Gari liliegeshwa mahali tambarare, mawe yakawekwa kwenye magurudumu yaliyobaki chini, na stendi zikawekwa kando ya jeki. Gurudumu la kulia mbele lilishikwa juu na chini, likatikiswa. Halikucheza. Mafundi wengi huishia hapo na kutangaza kuwa beringi ni nzima. Hilo ni kosa, kwa sababu vidonda vya beringi hutangulia kulegea kwake, wakati mwingine kwa muda mrefu. Na hata gurudumu likicheza, beringi haijahukumiwa: mtu akanyage breki huku likitikiswa. Mchezo ukiisha, ni beringi. Ukibaki, angalia bolijointi.

Kipimo kilichomaliza ubishi kilikuwa cha vidole. Fundi aliweka mkono mmoja kwenye springi na kwa mwingine akalizungusha gurudumu. Springi hupokea mtetemo kutoka kwenye habu na kuufikisha mkononi. Kushoto mbele palikuwa laini. Nyuma, kote kuwili, palikuwa laini. Kulia mbele vidole vilihisi mkwaruzo mdogo usiokatika. Aliichungulia pia bati ya nyuma ya diski, maana kijiwe cha murram kikinasa pale hulia kwa ukali. Hapakuwa na kijiwe. Beringi ikawa imepatikana kabla ya spea nyingine yoyote kununuliwa.

Kubadilisha bila kuiua mpya

Beringi ya aina hii hushindiliwa kwa presi, na hapo kazi nzuri huweza kuharibika. Inapoingizwa kwenye kiti chake, nguvu huwekwa kwenye pete ya nje. Habu inapoingizwa ndani yake, pete ya ndani ndiyo inayoshikiliwa. Nguvu ikipitia kwenye gololi, au nyundo ikitumika, njia ya gololi hupata mashimo, na beringi mpya huanza kuvuma mapema. Nati ya shafti hukazwa kwa spana ya kipimo, kwa kiwango cha kitabu cha gari.

Beringi ya zamani ilifunguliwa. Grisi ilikuwa na rangi ya kutu, ishara ya maji, na pete ya nje ilikuwa na vidonda mahali pamoja. Pete hiyo haizunguki, hivyo sehemu ileile hubeba uzito siku zote. Maji yaliingiaje? Habu iliyopata joto la safari ikizamishwa ghafla kwenye dimbwi, hewa ya ndani husinyaa na kuvuta maji kupitia sili iliyochoka. Mitaa ya Kitengela yenye udongo mweusi wa mfinyanzi huhifadhi madimbwi kila msimu wa mvua. Wanaoishi huko wapunguze mwendo kabla ya maji, na wasikilize magurudumu yao mvua ikishakatika.

Kenya huruhusu magari yaliyotumika kuingia nchini yakiwa hayajapita miaka minane, chini ya kanuni ya KS 1515, kisha hukaa barabarani miaka mingi zaidi. Mengi yatafika umri wa kuvuma. Beringi ikipuuzwa hulegea, hupata joto, na mwishoni huweza kukwama au kuliachia gurudumu, kwenye barabara inayotumiwa pia na malori ya kwenda Namanga. Kwa hiyo ukimpelekea fundi mlio, mlipe kwanza aende nawe barabarani, halafu akuonyeshe ushahidi: mvumo ulibadilika wapi, vidole vilihisi nini, gurudumu gani. Asiyeweza kujibu hayo asikutume kununua spea. Kugundua ni kazi kamili yenye ujuzi wake, na tukianza kuilipia, mafundi wengi zaidi watajifunza kuifanya.