Ngozi ya Simba Kichwani mwa Kaisari

Imezoeleka kusemwa kwamba sarafu za makaisari wa Roma zilikuwa magazeti ya dola ile. Kauli hiyo haituridhishi. Gazeti humpasha msomaji habari asiyokuwa nayo. Sarafu ilimkumbusha Mrumi kisa alichokwisha kukisikia, kisha ikamwachia yeye kazi ya kukifungamanisha na kichwa kilichochongwa upande wa pili.

Tuitazame sarafu kubwa ya shaba ya Antoninus Pius, ya miaka ya 140 B.K. Mbele pana kichwa cha kaisari. Nyuma yumo Aeneas akiukimbia mji wa Troya: begani amembeba babaye mzee, Anchises, na kwa mkono anamwongoza mwanawe. Jina Pius, alilopewa kaisari huyu mwaka 138, lilimaanisha mtu atimizaye wajibu wake kwa miungu, kwa wazazi na kwa nchi, nayo ndiyo sifa ya Aeneas katika utenzi wa Virgil. Tena Antoninus, mwana wa kupanga wa Hadrian, ndiye aliyewashikilia wazee wa Senati hata marehemu babaye akapewa heshima za kimungu. Mwana ambebaye baba! Picha na jina vinajibizana, wala hapana aliyetamka neno.

Sivyo alivyofanya Commodus. Hercules, shujaa aliyemwua simba wa Nemea, hakuwa mgeni katika sarafu. Trajan, aliyetawala 98–117, alimweka upande wa nyuma, amesimama na rungu lake na ngozi ya simba, na mtazamaji akaachiwa kulinganisha mwenyewe. Commodus, katika siku zake za mwisho, aliitwaa ngozi ile akajivika kichwani, upande wa mbele. Nyuma likabaki rungu, na maandishi yanayomtaja Hercules wa Roma kwa cheo cha kikaisari. Hapo istiara imekufa, kwa kuwa vilivyokuwa viwili vimelazimishwa kuwa kimoja. (Mwanafunzi aliyekaririshwa kwamba simba ni ushujaa, basi, angezipa sarafu hizi mbili maana moja.) Fundi halaumiwi, kazi yake ni nzuri, lakini mtazamaji hakuachiwa la kufanya ila kusadiki au kucheka.

Tarehe 31 Desemba 192 Commodus alinyongwa, na Senati ikaamuru jina lake lifutwe katika majengo. Sarafu zilikuwa zimekwisha kuenea mikononi mwa watu.