Neno Shahidi na Hakimu Asiyeuliza



Neno "shahidi" twalitumia kila siku wala hatulionei hofu. Nikaha ikifungwa, wawili huketi wakasikia, nao ni mashahidi. Mtu akisimama mahakamani akasema aliyoyaona, ni shahidi. Na tangu chuoni tumefundishwa kwamba aliyezama baharini, aliyeangukiwa na nyumba, na mwanamke aliyefariki katika uzazi, hao nao huhesabiwa mashahidi. Neno ni moja, maana ni nyingi, na msikilizaji hupambanua kwa yale yaliyotangulia na yanayofuata.

Sasa tazama lililolipata neno hili mikononi mwa Meta, kampuni ya Marekani yenye Facebook na Instagram. Kampuni hiyo ina orodha ya watu na vikundi inavyoviita vya khatari. Kanuni yake ilikuwa kwamba aliyemo katika orodha hiyo akitajwa kwa neno shahidi, basi amesifiwa, na maandishi yafutwe. Haikuulizwa nani kasema, wala kwa nini. Mwandishi wa khabari, mwanachuoni mwenye kuchambua, na mtetezi wa haki za watu, wote walitiwa kapu moja na mwenye kushangilia mauaji.

Bodi ya Usimamizi, ambayo Meta yenyewe iliiunda ili izipitie hukumu zake, ilitoa rai yake tarehe 26 Machi 2024. Ilisema kanuni hiyo imepita mpaka, na kwamba huenda neno hili ndilo lililofutiwa maandishi mengi kuliko neno lolote jingine. Julai mwaka huo huo Meta ikakubali kwamba neno peke yake lisitoshe kuwa hatia, mpaka pawe na dalili ya jeuri, kama picha ya silaha, au maandishi yavunje kanuni nyingine.

Wako watakaosema: "Mwenye nyumba ana haki ya kumzuia mchochezi mlangoni." Ni kweli, wala sisi hatutetei uchochezi. Lakini mwenye kuhukumu ana masharti yake.

Sharti la kwanza ni kujua analolihukumu. Mei 2021, wakati wa machafuko ya Jerusalem, Instagram ilizuia mazungumzo yaliyowekwa chini ya jina la Al-Aqsa. Sababu ilikuwa nini? Mfanyakazi wa kampuni iliyokodiwa alichota majina katika orodha ya Wizara ya Fedha ya Marekani, ambamo mlikuwa na kikundi cha silaha chenye jina kama hilo. Jina la msikiti likaadhibiwa kwa kufanana na jina la kikundi.

Sharti la pili ni mizani kuwa moja. Uchunguzi wa BSR, ulioagizwa na Meta na kutangazwa Septemba 2022, ulikuta kwamba maandishi ya Kiarabu yalifutwa kupita kiasi, na ya Kiebrania yakaachwa zaidi ya ilivyostahili. Kwa Kiarabu palikuwa na programu ya kompyuta ya kunusa maneno ya uadui. Kwa Kiebrania haikuwapo. Kwa insafu tuseme pia kwamba wachunguzi hawakuona makusudio ya upendeleo. Walakini mizani iliyopinda humpunja mnunuzi hata kama muuza duka hakukusudia.

Sharti la tatu, nalo ndilo zito, ni kujizuia palipo na shaka. Tangu 2020 Meta ilikuwa ikijadili neno hili ndani kwa ndani, na muafaka haukupatikana. Hata hivyo ufutaji uliendelea mpaka 2024. Katika fikihi, shaka huzuia adhabu. Hapa shaka ilikuwa ya hakimu, na adhabu ikawa ya mtuhumiwa. Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote, kwani asiyejua ana udhuru, ama ajuaye kwamba hajui kisha akahukumu, udhuru wake ni upi?

Basi nasi, msomaji, tusicheke mbali. Ni mara ngapi twadaka neno moja la jirani kibarazani, tukamkatia hukumu kabla hajamaliza kusema? Tuulize kwanza alikusudia nini. Kuuliza hakugharimu kitu, na kumrudishia mtu heshima yake ni kazi ya miaka.