Rangi Mpya, Kitanda Kilicholika

Rafiki yangu anayeishi Leicester, Uingereza, huunda injini ndogo za mvuke nyumbani kwake. Alipotafuta mashine ya kukereza chuma ya mtumba alionyeshwa mbili, zote Myford ML7, aina iliyotoka mwaka 1946 na kuundwa Beeston, karibu na Nottingham. Huzungusha kitu cha kipenyo cha hadi inchi 7, na hiyo yamtosha mtu anayeunda vitu nyumbani. Moja ilikuwa imepakwa rangi upya ikang'aa. Nyingine ilikuwa imebabuka rangi na kujaa mafuta meusi. Alinunua ile chafu.

Alianza na kitanda, yaani zile reli ambazo kigari cha kisu huteleza juu yake. Kazi nyingi za nyumbani ni fupi, hivyo kigari hushinda karibu na kichwa cha mashine, na vumbi la chuma likichanganyika na mafuta husaga reli mahali hapo hapo. Alikisogeza kigari hadi jirani na kibano kinachoshika chuma, akakaza skrubu zake mpaka kikaacha kucheza, kisha akakisukuma kuelekea mkiani. Kwenye ile inayong'aa kilikwama baada ya shubiri mbili: huku reli zimelika, kule bado nene. Kwenye ile chafu kilikuwa kizito kidogo tu, kikafika.

Akafunga chuma cha mviringo kwenye kibano cha ile chafu, akategesha saa ya kupimia juu yake, akakiinua. Mshale ulicheza. Hakutishika. Beringi za ML7 ni za metali nyeupe, na chini ya vifuniko vyake kuna vibati vya matabaka. Ukibandua tabaka, nafasi inapungua. Gurudumu la kisu nalo lilizunguka bure kidogo kabla kisu hakijasogea, lakini dawa yake ni nati mpya.

Meno ya gia aliyakagua moja moja. Kibano kikigoma kufunguka, wengine huzuia shafti kwa gia za mwendo wa polepole, wakavuta kwa nguvu, jino likang'oka. Yote yalikuwepo. Chini ya meza kulikuwa na sanduku la gia za kukatia nyuzi na kibano cha meno manne, vitu ambavyo ukivinunua kimoja kimoja utajuta.

Jambo moja aliliruka: hakuomba mashine ikereze. Chuma cha milimita 25, kikiachwa wazi upande wa mkia, kikikerezwa na kupimwa ncha zote mbili kwa maikromita, kingemweleza mengi ndani ya robo saa.

Hata hivyo hesabu yake ilikuwa sahihi. Nati, beringi na mikanda hurekebishwa Jumamosi moja nyumbani. Kitanda kilicholika hupelekwa kiwandani kusagwa upya, na gharama yake yaweza kuzidi bei ya mashine yenyewe.