Neno Dogo Lifuatalo Kitenzi

Mwalimu yeyote wa Kiingereza katika nchi hizi zetu, tangu Masasi hata Newala na Tandahimba, ayajua maneno haya, maana ameyapigia mstari mwekundu mara nyingi: "I am waiting you", "we discussed about the farm", "he stole me money", "she is married with a teacher". Kitenzi ni sahihi, na herufi zimeandikwa vyema. Kosa limo katika lile neno dogo lifuatalo kitenzi, ambalo wana sarufi huliita kihusishi. Ama limesahauliwa, ama limeongezwa pasipo haja, ama limewekwa jingine mahali pake. Twataka kusema habari ya kosa hili, wala si kwa kuwalaumu wanafunzi. Lawama yetu ni juu ya namna wanavyofundishwa.

Desturi iliyoenea ni hii. Mwalimu huandika orodha ubaoni: "in" ni ndani, "on" ni juu, "at" ni kwenye, na "to", "for", "with" na "by" zote ni kwa. Wanafunzi hunakili na kukariri, na kesho yake hupewa sentensi zenye mapengo wazijaze. Orodha hiyo yapendeza machoni, lakini kwa maoni yetu faida yake ni ndogo na madhara yake ni mengi. Ikiwa "on" ni juu, mtoto afanyeje akutanapo na "depend on"? Sisi husema mkulima ategemea mvua. Hatusemi ategemea juu ya mvua. Hapana neno lolote katikati. Basi mtoto huandika "the farmer depends rain", naye amefuata akili yake sawasawa, ila akili hiyo ni ya Kiswahili.

Ubaya wa orodha waonekana zaidi katika neno kwa. Tuchukue habari ambayo mtoto wa Tandahimba huisikia kila msimu wa korosho: Korosho ziliuzwa kwa mfanyabiashara, kwa mnada, kwa shilingi 2,000 kwa kilo. Kuna kwa nne katika sentensi moja, na msikiaji hapotei hata kidogo, maana kila moja hupata kazi yake kutoka kwa jina lililo mbele yake. Mwingereza ataka maneno manne mbalimbali: "to" kwa mnunuzi, "by" kwa mnada, "at" kwa bei, na "per" kwa kilo. Aliyekariri kwamba kwa ni "for" ataandika kuwa korosho ziliuzwa "for the trader". Asomaye atafahamu kwamba mfanyabiashara huyo ndiye mwenye korosho, na kwamba watu wengine walimwuzia kwa niaba yake! Mnunuzi amegeuzwa mwenye mali kwa neno la herufi tatu.

Walakini shina la jambo liko ndani zaidi. Lugha zetu huweka uhusiano huo ndani ya kitenzi chenyewe. Mswahili hutia -ia au -ea mwishoni, na jirani zake Mmakonde na Myao hutia -il- au -el-, kazi ikawa ile ile. Hama ni kutoka mahali, hamia ni kwenda mahali. Mtoto aliyezaliwa katika lugha ya namna hii hatazamii kuona neno la peke yake baada ya kitenzi. Kwake kazi imekwisha kufanyika.

Na hapa walimu wengine, wakijua jambo hili, huanguka katika shimo la pili: hufundisha kwamba -ia ni "for". Sivyo. Kumnunulia mtu kitabu ni "for", kumwandikia barua ni "to", kumwibia fedha ni "from". Kijiko cha kulia ni cha kula "with", na chumba cha kulia ni cha kula "in". Anayeamini kwamba -ia ni "for" tu atasema juu ya mwizi aliyemwibia baiskeli, "he stole a bicycle for me", naye atakuwa amejishuhudia mwenyewe kuwa mshirika wa mwizi. Vitabu kadha vya sarufi vilivyoandikwa na Waingereza viliiita kauli hii "prepositional", yaani yenye kihusishi, na jina hilo limesaidia kuleta fujo. Steere, katika kitabu chake cha mwaka 1870, aliiita "applied". Huyu ndiye aliyewaongoza watu waliokombolewa utumwani kutoka Zanzibar hata Masasi mwaka 1876, na kwa habari hii alitumia jina lililo bora, maana lasema tu kwamba tendo limeelekezwa kwa mtu au kitu. Haliahidi kwamba kihusishi fulani cha Kiingereza kimefichwa ndani.

Jambo hili si la mzaha. Katika Tanzania shule za msingi za serikali kwa kawaida hufundisha kwa Kiswahili, na sekondari hufundisha kwa Kiingereza, hata historia. Wazee wengi wa pande hizi wakumbuka vita vya Msumbiji vya miaka ya 1964 hata 1974, vya FRELIMO na Wareno, ambapo watu wengi walivuka mto Ruvuma. Kwa Kiswahili twasema walikimbia vita, wakakimbilia Tanzania. Mtoto amesikia habari hii nyumbani kwao, naye aijua vema. Lakini amekariri kwamba "run" hufuatwa na "to", basi aandika "the people ran to the war". Wakimbizi wamekuwa askari. Mtahini hawezi kujua yaliyomo moyoni mwa mtoto. Ahesabu kwamba hajui historia, na maksi zapotea katika somo ambalo mtoto alilijua.

Twaulizwa, je, hakuna kanuni? Zipo, lakini ni fupi kuliko zinavyosifiwa. Kitabu kile cha Steere juani mwake kimeandikwa kwamba ni cha Kiswahili kinavyosemwa "at Zanzibar". Leo Mwingereza angeandika "in Zanzibar". Kisiwa hakikuhama, desturi ya wasemaji ndiyo iliyohama. Basi mwalimu anayetafuta sababu ya kila kihusishi ajitaabisha bure, na awataabisha watoto pamoja naye.

Lakini kuna msaada ambao twaona hautumiki. Kiingereza nacho kina vitenzi vilivyomeza vihusishi vyao kama hamia ilivyomeza chake. "Enter", "reach", "discuss" na "approach" ni wa ukoo huo. Mtoto akiambiwa kwamba "reach" ni kama hamia, haitaki kitu nyuma yake, lakini "arrive" haikumeza kitu na kwa hiyo yataka "at" au "in", atafahamu mara moja kwa nini "discuss about" ni kubeba mzigo mmoja mara mbili. Tena kuna pa, ku na mu. Nyumbani pake, nyumbani kwake na nyumbani mwake hazilingani kabisa na "at", "to" na "in", ila zakaribia kiasi cha kumpa mtoto mlango wa kuingilia. Mmakonde anao mlango mpana zaidi, maana yeye huziweka pa-, ku- na mu- mbele ya jina, pale pale Mwingereza awekapo kihusishi chake.

Yaliyobaki ni kujifunza kitenzi pamoja na mkia wake kama neno moja. "Wait for" iandikwe daftarini kuwa ni ngoja, "listen to" ni sikiliza, "afraid of" ni kuogopa, "married to" ni kuolewa na. Kamusi ya Hornby na wenzake wawili, iliyochapishwa Tokyo mwaka 1942 na kutolewa tena na Oxford mwaka 1948, ilitungwa kwa ajili ya wageni wajifunzao Kiingereza, nayo huonyesha jinsi kila kitenzi kijengavyo sentensi yake. Kamusi za namna hiyo ni nyingi sasa, na moja tu katika kabati ya shule yazidi orodha kumi za ubaoni.

Kwa upande wa pili, twaona Kiingereza kimeanza kulipiza kisasi. Watu waliosoma sana husema, "Nimenunua shati kwa ajili ya mtoto wangu," ambapo mama zao wangalisema, "Nimemnunulia mtoto wangu shati." Habari hiyo yataka ukurasa wake.