Tupa na Sindano katika Jamaa ya Fumo Liyongo

Fumo Liyongo, mwana wa kifalme wa nchi ya Shaka na Ozi, husifiwa kwa nguvu zake na upinde wake. Hata karne aliyoishi yabishaniwa na wataalamu hadi leo. Lakini utendi alioutunga Muhammad bin Abubakari Kijumwa wa Lamu mwaka 1913 ni kisa cha jamaa kuliko cha vita.

Mfalme wa Pate amtia Liyongo gerezani. Anayemwokoa si jeshi, bali mama yake, atiaye tupa ndani ya mkate wa pumba, akijua kuwa walinzi watakula iliyo mizuri na kuuacha ule mbovu. Kijakazi Saada aupeleka. Hapa mtunzi ni hodari kweli: vishindo vya ngoma ndivyo vinavyoficha mlio wa chuma kikikatwa.

Mwana naye aja na chuma chake. Kwa tamaa ya cheo na ya kumwoa binti wa mfalme, amchoma babaye kitovuni, hali amelala, kwa sindano ya shaba. Siri hiyo aliambiwa na Liyongo mwenyewe, naye alikwisha kushuku kuwa kijana katumwa. Kwa nini basi alijibu? Mtunzi apita hapo upesi mno, na huo ndio upungufu wa utendi.

Liyongo afa kapiga goti penye kisima, upinde mkononi. Watu, kwa hofu ya kuteka maji, wamwita mama yake aje kumbembeleza. Naye ambembeleza maiti.