Duka la Zamani la Tala: Lisome Kuanzia Uani

Tangazo la jengo la biashara linalouzwa Tala, mji mdogo wa Ukambani nchini Kenya, huwa na maneno yale yale: liko kando ya lami, katikati ya soko, lina wapangaji, bei inazungumzika. Yote hayo yanaweza kuwa kweli na jengo likawa gofu lililopakwa rangi. Dalali atakusimamisha ng'ambo ya barabara, akunyooshee kidole na kukuhesabia milango. Mwache ahesabu. Akimaliza, mwombe akupitishe kwenye kichochoro cha kando mwende uani, maana duka la zamani husomwa kutoka nyuma kuja mbele.

Mbele hakuaminiki. Kampuni hupaka kuta za maduka bure ili zijitangaze: mwaka huu kijani cha Safaricom, mwaka mwingine nyekundu ya Coca-Cola, baadaye rangi za saruji au za sabuni. Chini ya matabaka hayo ufa unaweza kulala miaka na mwenye duka asijue. Nyuma hakuna anayejitangaza. Huko utaona mawe yalivyo, maji yanakopita, choo kilikochimbwa, na ukarabati uliofanywa jana kwa sababu mnunuzi anakuja leo.

Anza kwa kukisia umri, kwa kuwa kila kizazi cha maduka kina ugonjwa wake. Wahindi ndio waliotangulia kufungua maduka katika miji midogo ya Ukambani. Waafrika waliongezeka baada ya Vita vya Pili vya Dunia, baadhi yao wakiwa askari waliorudi na malipo yao. Kisha ikaja kahawa. Mpango wa Swynnerton wa 1954 uliwafungulia wakulima Waafrika zao hilo kwa upana, na vilima vya Matungulu na Kangundo vilikuwa miongoni mwa sehemu zilizolikumbatia. Baridi kali ilipounguza mibuni ya Brazil mwaka 1975, bei ilipanda, na mwaka 1976 na 1977 pesa nyingi za kahawa ziligeuka mawe na mabati sokoni.

Jiwe lenyewe litakuambia lilivyokatwa. Lililochongwa kwa mkono lina alama fupifupi za tindo, na hakuna mawili yanayolingana kabisa. Lililokatwa kwa mashine lina mistari ya msumeno iliyonyooka, na ukubwa wake haubadiliki. Ukiambiwa jengo ni la zamani sana nawe ukaona mistari ya msumeno mpaka kwenye msingi, umri huo umepambwa. Ukiona tindo chini na msumeno juu, jengo limeongezewa baadaye, na swali la kuuliza ni kama msingi ule wa kwanza ulijengwa kubeba uzito huo.

Ufundi wa mwashi huonekana kwenye pembe. Simama mahali kuta mbili zinapokutana, ufuatishe mawe kutoka chini hadi juu. Fundi mzuri alipishanisha: jiwe refu la ukuta huu, kisha refu la ukuta ule, hadi juu, kuta zikashikana. Fundi wa haraka alijenga kuta mbili zinazogusana tu, akaficha kiungo kwa lipu. Tazama pia viungo vya wima. Vikifuatana kwenye mstari mmoja kwa safu mbili au tatu za mawe, hapo ndipo ukuta utakapopasukia. Timazi, uzi wenye kipande cha chuma, haigharimu chochote. Ining'inize kutoka juu ya ukuta wa nyuma. Kuta nyingi za zamani zimeinama kidogo na zitaishi muda mrefu kuliko sisi, lakini tumbo katikati ya ukuta ni habari nyingine, maana linamaanisha kwamba mawe ya ndani na ya nje yameanza kuachana.

Halafu ingia stoo, mahali pasipopigwa lipu, ukwaruze kiungo kwa msumari. Kikitoa vumbi jeupe, ni chokaa. Kikikataa, ni saruji. Kikimwaga udongo mwekundu, usikimbie. Maduka mengi ya bara yalijengwa kwa mawe na udongo, saruji ikapakwa kwa nje tu, na yangali yamesimama. Ukuta wa udongo huuawa na maji, na maji huingia kwa njia mbili: paa lililozembewa, na lipu nene ya saruji ambayo mrithi aliipiga ili jengo lionekane la kisasa. Lipu hiyo hufunga unyevu ndani. Utaijua kwa chumvi nyeupe inayochanua karibu na sakafu, na kwa mlio mtupu ukiigonga kwa sarafu. Mimi nikiambiwa nichague kati ya ukuta uchi wenye makovu na ukuta uliopigwa lipu mpya mwezi uliopita, nauchukua uchi bila kufikiri.

Nyufa zina daraja. Nyuzinyuzi kwenye lipu ni ngozi tu. Ufa unaopanda kama ngazi kutoka pembe ya dirisha, mpana juu na mwembamba chini, unasema pembe ya jengo inazama. Mbaya kuliko wote ni ufa uliozibwa ukafunguka tena, kwa sababu hapo ardhi bado inatembea. Tala ina udongo mwekundu kwenye miinuko, lakini ukiteremka kuelekea tambarare unakutana na udongo mweusi unaovimba wakati wa mvua na kunywea wakati wa kiangazi. Tafuta shimo lolote la msingi linalochimbwa jirani, uchungulie rangi. Ukiwa na muda, weka alama ya penseli kwenye ncha za ufa pamoja na tarehe, urudi baada ya mvua za Oktoba hadi Desemba. Hizo ndizo mvua ambazo mkulima wa Ukambani huzitegemea zaidi, na ndizo zitakazokuonyesha jengo bila dalali.

Paa halitaki maneno mengi, linataka giza. Omba milango na madirisha yafungwe saa sita mchana, utulie kidogo, kisha uangalie juu. Kila tundu litawaka. Matundu machache ya misumari ni kazi ya asubuhi moja. Mwanga unaofuata mstari wa mapao unasema bati limeliwa na kutu pale linapokalia mbao, na hapo ni kuezua. Bati la zamani mara nyingi ni zito kuliko la leo. Kumbuka hesabu ya geji iko kinyume, kwa hiyo geji 28 ni nene kuliko 30, na 32 ndiyo nyembamba katika hizo. Usikubali kubadilishiwa bati zito lenye vumbi kwa jepesi linalong'aa na kuambiwa umefanyiwa hisani. Kenchi zigonge kwa ufunguo. Mbao nzima hulia kwa ukali, iliyoliwa na mchwa hulia kama boksi tupu. Ukirudi barabarani, tazama mgongo wa paa kutoka mbali. Ukibonyea katikati, kuna kenchi iliyochoka.

Nina kipimo kingine cha mwenye jengo, nacho ni maji. Katika nchi kavu kama hii, mtu aliyeacha maji ya paa lake yamwagike ukutani miaka ishirini hakulipenda jengo lake. Ukikuta gata zimeshikwa vizuri na tangi la mawe uani ambalo bado linashika maji, tarajia mema kwingineko.

Sasa njoo mbele, ukae barazani. Hapa ndipo uzuri wa maduka haya ulipo, na ndipo wanunuzi wengi wanapopita haraka. Baraza nzuri ina kina cha kutosha fundi cherehani aweke mashine, mteja akae kwenye benchi, na mpita njia bado apite bila kunyeshewa. Nguzo zake zinasimama kwa umbali unaolingana na milango, kwa hiyo hakuna duka linalofunikwa na nguzo. Sakafu ya saruji nyekundu iliyosuguliwa na nyayo mpaka ikang'aa ni ushahidi bora wa biashara kuliko kitabu chochote cha hesabu: tazama mlango upi umelika zaidi kizingitini, hapo ndipo wateja walikuwa wakiingia. Wenye majengo wengi wameziba baraza zao kwa nondo na kupangisha kila mita. Wamepata kodi, wameua kivuli kilichokuwa kikiwaleta watu.

Pima pia urefu wa baraza juu ya barabara. Zamani ulipanda vidaraja viwili au vitatu. Barabara zikawekwa lami, zikaongezewa tabaka juu ya tabaka, na katika miji mingi ya Kenya baraza za zamani sasa ziko usawa wa lami au chini yake. Mstari wa matope kwenye milango ya mbele, kimo cha kiganja kutoka chini, una maana kwamba kila mvua kubwa huingia dukani. Kuinua sakafu kunawezekana, lakini kunapunguza kimo cha mlango na cha dari, na duka la zamani likishakuwa fupi limepoteza nusu ya hadhi yake.

Baraza hiyo hiyo ndiyo yenye hatari ya kisheria. Ajiri mpima ardhi aliyesajiliwa atafute bikoni, yaani alama za mpaka, akuonyeshe kama nguzo zako ziko ndani ya ploti au ndani ya hifadhi ya barabara. Ukiona alama ya X nyekundu, ile ya majengo yanayotakiwa kubomolewa, hata iliyopakwa rangi juu yake, ichukulie kwa uzito.

Karatasi zichunguze kama ulivyochunguza mawe. Ploti za masoko nchini zimeshikwa kwa njia nyingi: hati ya ukodishaji wa miaka 99, leseni ya kukalia kwa muda inayolipiwa kila mwaka, au barua ya ugawaji tu iliyotolewa na halmashauri ya enzi hizo. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua katika kesi ya Torino Enterprises kwamba barua ya ugawaji haihamishi umiliki. Mwaka huo huo, katika kesi ya Dina Management ya Mombasa, ilisema hata hati yenyewe haimlindi mnunuzi ikiwa chanzo chake hakikuwa halali. Kwa hiyo upekuzi kwenye msajili wa ardhi ni mwanzo tu. Fuata mlolongo wa wenye ploti hadi wa kwanza. Kama ni ya kukodishwa, hesabu miaka iliyobaki, kwani jengo lenye miaka saba ya ukodishaji halina bei sawa na lenye miaka sabini.

Na kama mzee aliyejenga alishafariki, usimlipe kitinda mimba eti ndiye anayekaa na funguo. Dai hati ya usimamizi wa mirathi iliyothibitishwa na mahakama. Duka la mzee mwenye nyumba mbili lina wenyewe wengi kuliko milango yake, na mama mmoja aliyeachwa nje ya orodha anaweza kukuweka mahakamani miaka mingi.

Wapangaji nao ni sehemu ya jengo. Sheria ya Kenya ya wapangaji wa maduka, mahoteli na mikahawa, Sura ya 301, humlinda mpangaji asiye na mkataba wa maandishi, au mwenye mkataba usiozidi miaka mitano. Kumwondoa au kumpandishia kodi kunahitaji ilani ya angalau miezi miwili, naye anaweza kwenda kwenye Baraza la Kodi za Majengo ya Biashara. Ongea na kila mmoja peke yake, umuulize analipa ngapi na alitoa gudwili, yaani pesa za kuingilia, kwa nani. Aliyetoa gudwili kubwa juzi hatakubali kuhama kesho, na kama alimpa mwenye jengo, pesa hizo tayari zimo mfukoni mwa anayekuuzia.

Piga hesabu yako mwenyewe. Tuseme milango mitano, kila mmoja shilingi 12,000 kwa mwezi. Ni 720,000 kwa mwaka. Bei ikiwa milioni 18, kodi itakuchukua miaka 25 kurudisha pesa, bila kutoa ada za kaunti wala ukarabati. Maana yake unauziwa ardhi, jengo umewekewa kama nyongeza, na muuzaji anatarajia ubomoe ujenge ghorofa. Hapo ndipo kila ulichokiona uani kinakuwa na thamani ya shilingi. Pembe zilizopishanishwa, kenchi nzima na baraza iliyo wazi vikiwepo, una jengo linaloweza kupata kodi tangu mwezi wa kwanza bila mkopo wa ujenzi. Visipokuwepo, lipa bei ya ploti tupu utoe na gharama ya kubomoa.

Kuhusu neno "historia" linalotiwa kwenye matangazo siku hizi, sioni sababu ya kulilipia peke yake. Mji wa kale wa Lamu umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na huko kanuni hulinda sura ya mtaa mzima, kwa hiyo ukitunza nyumba yako jirani naye analazimika kutunza yake. Tala si Lamu. Ukiitunza baraza yako, jirani anaweza kupandisha ghorofa nne ubavuni mwako na maji ya paa lake yakaja kwako. Lipia historia pale tu inapokuja na ufundi.

Jambo la mwisho kabla ya kupatana bei: ushuru wa stempu hulipwa na mnunuzi, asilimia 4 kwa mali iliyo ndani ya manispaa na asilimia 2 kwa iliyo nje, kwa kufuata thamani atakayoikubali mthamini wa serikali. Mwulize wakili ploti hiyo inahesabiwa upande gani. Kwa jengo la milioni 18, tofauti ni shilingi 360,000, pesa za kununulia mabati.