'Mzimu' ni mahali au ni kiumbe? Ugomvi wa wasomaji wa Mraru na Bwana Msa

KULE Mraru, nje ya mji wa Voi, kuna wasomaji wachache wanaokutana Jumamosi alasiri kusoma riwaya za Kiswahili. Mwalimu mstaafu anayewaongoza amenitumia maoni yao kuhusu Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Muhammed Said Abdulla. Ameyaandika kwa mkono katika kurasa nne za daftari, na mwishoni ameweka ombi: niwaamue. Wanabishana kama kitabu hiki wawape watoto wao walio sekondari au wakiache rafuni kipumzike. Kwa hesabu ya Mwalimu, wanaotaka kipumzike ni wengi kuliko wanaokitetea.

Mraru si mahali pa watu wa kupokea tu wanachopewa. Katikati ya miaka ya 1970 kina mama wa huko, waliochoka kuachwa barabarani na magari yaliyojaa, walichanga pesa wakanunua basi lao wenyewe la kuwafikisha Voi. Kwa hiyo sikushangaa kuona kwamba maoni haya hayana adabu nyingi kwa Bwana Msa.

Kwa asiyekijua kitabu, hadithi hii ilishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la 1957/58, ikachapishwa 1960. Mtu mwenye mali anakutwa ameuawa kwenye mzimu huko Unguja. Minong'ono ya watu inaelekea kwenye mambo yasiyoonekana. Bwana Msa, mwenye kiko chake na rafiki yake Najum, anafuatilia mpaka anaonyesha kwamba huo ni mkono wa binadamu. Mwenye mkono huo simtaji. Kuna watu Mraru ambao Mwalimu anasema wamefika katikati tu.

Nianze na shtaka lililo jepesi. Kijana wa bodaboda amesema hivi: "Prof, huyu Bwana Msa si ni Sherlock Holmes tu amehamishiwa Unguja? Ako na kiko, ako na rafiki wa kushangaa-shangaa, na polisi hawajui kitu. Hiyo ni kopi."

Mfanano upo, na wahakiki wameutaja kwa miaka mingi. Holmes alizaliwa kitabuni 1887, akazurura London ya Malkia Victoria, na Arthur Conan Doyle aliyemwandika alikuwa daktari. Alimchora kwa mfano wa Joseph Bell, mwalimu wake wa utabibu kule Edinburgh, aliyekuwa akimtazama mgonjwa na kumwambia kazi yake kabla hajafungua mdomo. Sasa mtazame Abdulla. Alizaliwa Makunduchi 1918, na kabla ya kuingia katika uhariri wa magazeti alifanya kazi miaka kumi katika idara ya afya kama mkaguzi. Mkaguzi wa afya ni mtu anayeingia uani mwa watu. Anatazama kisima, anatazama choo, anauliza maswali ambayo mwenye nyumba hapendi kuyajibu. Daktari na bwana afya! Ningeshangaa kama wasingefanana.

Ila huyu kijana hajauliza swali linalofuata: baada ya kuazima, Abdulla alifanya nini na alichoazima? Katika The Sign of Four, kitabu cha 1890, hazina inatoka India na mishale ya sumu inapulizwa na mtu wa visiwa vya Andaman. Katika The Speckled Band ya 1892, daktari aliyerudi kutoka India anafuga nyoka. Mara kwa mara giza linaingia London likitokea makoloni, na akili ya kulifukuza inaishi Baker Street. Abdulla aliandika Unguja ikiwa chini ya himaya ya Mwingereza. Akaiweka ile akili ndani ya kichwa cha Mswahili asiye na cheo serikalini, anayezungumza Kiswahili cha watu wake, na hakumngoja mgeni aje kufumbua fumbo la nyumbani. Hata jina lina mchezo. Msa ni Musa kwa matamshi ya huko, lakini ziandike zile herufi kubwa, M.S.A., uone ni za nani. Kopi haifanyi hivyo.

Shtaka la pili ni la lugha, na nitalipita haraka. Wawili wamesema Kiswahili chake "ni kizito" na mmoja ameongeza, "na mimi ni Mpwani, sembuse mtoto wa Nairobi." Ni Kiswahili cha Unguja, chenye masihara ya barazani na mabishano marefu. Msomaji wa Kenya aliyezoea kusema shule akiambiwa skuli hutulia kidogo, kisha huendelea. Kamusi haiumi. Lakini wanaosema kwamba Bwana Msa hueleza mno anapofumbua fumbo, nakubaliana nao kabisa. Kuna mahali mtu anatamani Najum alale usingizi, sote tupate kupumzika.

Shtaka la tatu ndilo lililonifanya niandike leo.

Katika kundi hilo yumo mama wa miaka themanini na ushei ambaye macho yake hayawezi tena herufi, hivyo mjukuu humsomea. Mwalimu ameyanakili maneno yake kama alivyoyasema: "Mwanangu, mwambie huyo bwana wa kitabu, mzimuni hapaingiwi tu na viatu. Hata kama unatafuta muuaji. Angeuliza wenyewe kwanza." Na wakati huohuo, msichana wa kidato cha nne amelalamika kwa sababu iliyo kinyume kabisa: "Nilidhani ni stori ya majini. Nimesoma nikingoja huo mzimu utokee, haukutokea. Boring."

Mmoja anaona mzimu umevunjiwa heshima, mwingine anaona mzimu haukuwahi kufika. Wanasoma kitabu kimoja, na nionavyo mimi wanagombana juu ya neno moja.

Kiswahili kinalitumia neno mzimu kwa maana mbili zilizo jirani. Ni roho ya mtu aliyekufa, na pia ni mahali panapotolewa sadaka kwa roho hizo: pango, mbuyu, jiwe, kichaka. Mzizi wake ndio tunaoukuta katika kuzimu, waliko wafu, na katika wazimu, hali ya mtu aliyepagawa. Msichana wa kidato cha nne ana maana ya kwanza kichwani. Mama ana ya pili. Na sasa tazama jina la kitabu: Mzimu wa Watu wa Kale. Hapa sarufi yenyewe imekaa upande wa muuaji. Kiunganishi "wa" katika umoja hakitwambii kitu, kwa sababu mtu ni wa na mti ni wa. Kama angeandika kwa wingi, "mizimu ya", tungekiona kitu. Kama angeandika "mizimu wa", tungeona kiumbe. Kama angetumia kitenzi, "mzimu amemuua" ingetupa mtendaji mwenye nia, na "mzimuni ameuawa" ingetupa mahali tu, na papo hapo tungeanza kumtafuta mtendaji mwingine. Jina la kitabu halina kitenzi. Limesimama mlangoni limenyamaza.

Mpelelezi naye, ukimwangalia kwa jicho la mwanasarufi, kazi yake yote ni kulitoa neno hili kutoka maana ya kwanza na kulihamishia katika ya pili. Wanaonong'ona wanasema mzimu, yaani kiumbe, umeua. Bwana Msa anajibu kwamba mzimu ni mahali, na mahali hapaui mtu. Basi tumtafuteni aliyepatumia. Yule muuaji amejificha nyuma ya utata wa ngeli, kwa namna ya kusema. Sijui riwaya nyingine ya upelelezi ya Kiswahili ambayo fumbo lake limekaa ndani ya jina la jalada kiasi hiki. Yule msichana aliyengoja mzimu utokee amenaswa na mtego uleule waliotegewa watu wa hadithi, na ningemwambia arudie kukisoma akijua hivyo.

Kwa mama, jibu langu si jepesi. Milima ya Taita ina mapango ambamo mafuvu ya wazee yalipangwa baada ya kufukuliwa kaburini, ili waendelee kuwa karibu na kizazi chao. Mengine yapo mpaka leo. Kuna pia fighi, vile vijisitu vitakatifu ambavyo havikatwi kuni ovyo. Mtu aliyekulia kwenye nchi hiyo akisikia "watu wa kale" hasikii hadithi. Anasikia majina ya ukoo wake. Kwake, kusema kwamba mzimu ni mahali tu hakumalizi neno, maana mahali penyewe pana wenyewe.

Wapo watakaomjibu kwamba Abdulla alikuwa mtu wa mjini anayecheka ushirikina wa shamba. Hilo silikubali. Makunduchi, alikozaliwa, ndiko kunakofanywa Mwaka Kogwa kila Julai, watu wakapigana kwa migomba na kibanda kikachomwa moto, na mwaka mpya ukaanza. Mtoto wa huko haendi mzimuni kama mtalii. Na kitabu, nikisomavyo, hakimshtaki anayetambika. Kinamshtaki aliyeigeuza heshima ya watu kuwa pazia la kuulia. Mtu kama huyo amewavunjia wazee heshima kuliko Bwana Msa na viatu vyake.

Hata hivyo mama amegusa mahali penye upungufu. Macho tunayoazimwa katika riwaya hii ni ya mpelelezi. Tunajua anachowaza, tunajua anachotilia shaka. Wale ambao mzimu ni wao hawapewi muda kama huo wa kutueleza unawafaa nini. Riwaya ya upelelezi iliyozaliwa London ina haraka na mambo haya: inataka kujua nani, lini, kwa kifaa gani. Abdulla aliihamisha akili ya Holmes kwa ustadi mkubwa, na pamoja nayo ikaja ile haraka. Hii ni tahakiki ya haki, na sijaiona imeandikwa mahali kwa maneno machache kama "angeuliza wenyewe kwanza".

Kwa hiyo, Mwalimu, uamuzi wangu ni kwamba watoto wapewe. Ila msiwaachie wakisome kila mmoja chumbani mwake. Ningependa mama huyo awepo siku mtakapofika mahali maiti inapokutwa, na awaambie mtu wa Taita angefanya nini kabla ya kukanyaga. Mkimaliza, chukueni Kisima cha Giningi cha 1968, halafu Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla, ya 1965, ambamo mpelelezi ni ofisa wa polisi, Inspekta Wingo. Mtaona jinsi riwaya inavyobadilika mara tu anayeuliza maswali anapokuwa na sare na mshahara wa serikali.

Limebaki ombi la yule kijana wa bodaboda. Pamoja na ukali wake wote, amemaliza hivi: "Lakini ningependa moja ya kizamani kabisa, wakati wa Victoria mwenyewe, na iwe ya huku kwetu." Hili ni wazo zuri kuliko anavyodhani. Mwaka uleule Holmes alipoanza kazi, Sultani Barghash alikuwa bado anatawala Unguja, alifariki 1888. Alikuwa amekwisha itembelea London mwaka 1875. Soko la watumwa lilifungwa 1873, na biashara yenyewe ikaendelea kwa siri, usiku, kwa jahazi. Beit al-Ajaib ikajengwa 1883. Mji wenye bandari, mabalozi, wadeni na siri ya namna hiyo ungemtosha mpelelezi yeyote. Na huku kwetu, reli iliyoanza kutandikwa Mombasa 1896 ilipita Voi, na ilipofika Tsavo 1898 simba wawili wakawa wanawachukua wafanyakazi usiku. Fikiria kambi ambayo kila anayepotea inasemwa kaliwa na simba. Ni nani atakayehesabu maiti vizuri? Neno simba pale lingefanya kazi ileile ambayo mzimu umeifanya kwa Abdulla.

Akiamua kuiandika, achunge msamiati. Neno simu, kwa mfano, asili yake ni Kiajemi na maana yake ni waya. Waya wa baharini ulifika Unguja 1879, na simu ya enzi hizo ilikuwa habari iliyopigwa kwa alama, ikapokewa na karani na kuandikwa kwenye karatasi. Mtu wa Voi wa 1898 akipokea simu hasikii sauti ya mtu. Anapewa kikaratasi, na kama hajui kusoma, inambidi amwamini anayemsomea.